KAMERA NANE, KUMBUKUMBU YA SIKU TATU: Kilichomkuta Mama Mashine wa Kyela

Ukishuka kutoka Tukuyu kuingia Bondeni, joto linakupokea kabla konda hajatangaza Kyela. Ukifika mjini ukauliza mashine ya kukoboa mpunga yenye kamera nyingi, hata mtoto wa shule atakuonyesha. Ni ya mama mmoja mwenye jina lake mjini (jina kapuni). Harusi haifungwi bila yeye kuwa kwenye kamati, na kwenye kitchen party yeye ndiye wa kukaa meza ya mbele. Wateja wanamwita Mama Mashine.

Mwaka aliofunga kamera, mji mzima ulijua. Alimleta fundi kutoka Mbeya, kijana mtanashati mwenye wafuasi kibao Instagram, yule anayejirekodi juu ya ngazi na miwani ya jua. Kamera nane: getini, kwenye mzani, mlango wa stoo, ndani ya stoo, kwenye mashine, ofisini, uani na upande wa barabara. Video ya kazi ile ilipata like za kutosha. Ukutani likabandikwa bango: TABASAMU, UNAREKODIWA.

Na watu walitabasamu kweli. Wakulima walizidi kuleta mpunga wao, maana mchele wa Kyela unanukia na una bei yake, na mtu anayesubiri bei ipande anataka mahali pa kuaminika pa kuhifadhi gunia zake. Mahali penye kamera nane nani hapaamini?

Kilichowasahaulisha wote ni swali moja dogo. Hizo kamera zinakumbuka siku ngapi?

JUMATATU YA GUNIA NANE

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua bado hazijaisha na mpunga mpya umeanza kuingia. Jumatatu asubuhi mzee mmoja kutoka upande wa Ipinda akaja kuchukua mzigo wake. Alikuwa ameweka gunia 30. Anataka kukoboa auze, mjukuu anasubiri ada.

Wakahesabu. Ishirini na mbili.

Wakahesabu tena, safari hii kwa sauti. Ishirini na mbili.

Daftari la stoo likafunguliwa. Mara ya mwisho gunia zote kuhesabiwa ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, na siku hiyo 30 zilikuwepo. Kwa hiyo gunia nane zimeyeyuka ndani ya siku tisa.

Mama Mashine wala hakushtuka. "Mzee wangu, kaa hapo kivulini unywe maji. Hapa kuna kamera."

Macho ya watu yakamgeukia mlinzi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, analala kwenye kibanda cha getini, mshahara wake nusu anautuma kwa mama yake kijijini. Cha ajabu, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusema: "Mama, tuangalie kamera. Mimi nataka tuangalie kamera."

Wakaingia ofisini, wakawasha skrini. Kwenye kalenda ya ile rekoda, siku yenye picha inakuwa na alama. Jumatatu ina alama. Jumapili ina alama. Jumamosi ina alama. Ijumaa ina kipande kidogo cha usiku. Kabla ya hapo, peupe. Hakuna kitu.

Akapigiwa simu fundi wa Mbeya. Jibu lake lilitoka bila hata kufikiri: "Mama hiyo diski ikijaa inajifuta yenyewe, inaanza na za zamani. Ndo zilivyo zote."

Ndo zilivyo zote. Sawa. Ila siku anafunga hakusema.

Kufikia jioni, picha ya mlinzi ilikuwa kwenye status za watu. Hakuna aliyeandika mwizi moja kwa moja, waliweka vile vikatuni vya macho. Inatosha, kwenye mji mdogo. Mama Mashine, kwa presha ya wateja, akamwambia kijana apumzike nyumbani mpaka mambo yakae sawa. Mshahara wa mwezi ukasimama. Kijana akaondoka na begi moja, na shahidi pekee aliyekuwa naye alikuwa amefutwa na mashine.

DADA WA DAFTARI

Wiki iliyofuata ndugu wa Mama Mashine alimletea fundi mwingine. Safari hii dada mmoja, msichana tu, aliyesomea umeme VETA na kujifunza kamera kwa kuzifungua na kuzifunga. Hana Instagram ya maana. Alikuja na bodaboda, begi la vifaa na kalamu.

Hakuanza kwa kupanda ngazi. Alikaa ofisini akauliza: "Mama, stoo unahesabu kila baada ya muda gani?"

"Kila wiki mbili. Mzigo ukiwa mwingi, hata wiki tatu."

"Basi kamera yako inatakiwa ikumbuke zaidi ya wiki tatu. Ukigundua wizi siku ya ishirini na diski inakumbuka siku tatu, hauna kamera, una pambo."

Hapo ndipo penye somo zima. Watu wengi wakinunua kamera wanahesabu kamera. Wanauliza ngapi, megapikseli ngapi, inaona usiku? Kumbe hesabu inaanza mwisho: inakuchukua muda gani kujua umeibiwa? Duka linalofunga hesabu kila jioni linaweza kuishi na siku kumi. Stoo inayohesabiwa mara mbili kwa mwezi inahitaji mwezi mzima. Diski lazima iwe na kumbukumbu ndefu kuliko usingizi wa mwenye mali.

Halafu akafungua setingi za rekoda na kuandika nyuma ya risiti. Kila kamera: megapikseli 2, fremu 25 kwa sekunde, aina ya kubana H.264, kasi ya data megabiti 4 kwa sekunde. Kasi imefungwa hapohapo, kuwe na mtu au kusiwe na mtu. Diski: terabaiti 1.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Megabiti 1 kwa sekunde, gawa kwa 8, unapata megabaiti 0.125. Siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha, inakuja megabaiti 10,800, yaani GB 10.8. Ishike hiyo namba kichwani: kila megabiti moja ya kasi inakula GB 10.8 kwa siku.

Kamera moja ya megabiti 4 inakula GB 43.2 kwa siku. Kamera nane, GB 345.6. Diski ya terabaiti 1 ni GB 1,000. Gawa. Siku 2.9.

Mama Mashine akaangalia ile risiti muda mrefu. "Kwa hiyo siku ile anafunga, hii hesabu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, Mama. Ni dakika tano."

KUBANA PICHA NI KAMA DAFTARI LA STOO

Mama akauliza swali ambalo wengi wanaliogopa: hii H nini sijui ndo nini?

Dada akavuta daftari la stoo. "Siku ya kwanza unaandika gunia zote moja moja, sivyo? Kesho yake hauandiki zote tena. Unaandika kilichoingia na kilichotoka tu. Ndo maana daftari halijai upesi."

Kamera inafanya hivyohivyo. Inaweka picha moja kamili, halafu kwa fremu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukuta haujasogea, haiandiki ukuta. Mtu amepita, inaandika mtu. H.264, iliyotoka mwaka 2003, inafanya kazi hiyo vizuri. H.265 ya mwaka 2013 inafanya vizuri zaidi: kwa picha yenye ubora uleule, inaweza kutumia karibu nusu ya nafasi. Kitu cha kuangalia ni kwamba kamera na rekoda zote mbili ziwe zinaielewa. Za Mama zilikuwa zinaielewa tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeiwasha.

Sasa usikimbilie kusema basi H.265 ingemwokoa mlinzi. Piga hesabu. Ukibana kwa nusu, kamera nane zinakula GB 172.8 kwa siku. Diski ileile inafika siku 5.8. Gunia zilipotea ndani ya siku tisa. Kwa hiyo hata kwa kubana vizuri, siku tatu za mwanzo zingekuwa gizani. Kubana kunasaidia, ila hakutengenezi diski.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu ambayo kipeperushi cha dukani hakiyasemi. Bondeni mvua inanyesha haswa. Tone la mvua likipita mbele ya kamera ni badiliko. Majani ya mgomba yakicheza na upepo ni badiliko. Usiku, wadudu wanaoruka mbele ya lenzi wanamulikwa na zile taa za kamera, wanaonekana kama nyota zinazokimbia. Yote hayo ni mistari mipya kwenye daftari. Hata giza lenyewe linaleta chengachenga kwenye picha, na kamera inazihesabu kama kitu kilichosogea.

Matokeo ni mawili. Kama kasi ya data umeiachia ipande na kushuka, usiku wa mvua unakula nafasi kuliko mchana mkavu. Kama kasi umeifungia, nafasi haizidi ila picha inaharibika: uso wa mtu unakuwa kama uji. Kwa hiyo anayepima kamera zake mchana wa jua kali anajidanganya. Na ukipiga hesabu ya diski, tumia kasi ya juu kabisa uliyoruhusu. Ikibaki nafasi, ni faida yako.

KWA NINI ASIREKODI KUKIWA NA MTU TU?

Kijana wa Mama anayeishi Dar alipiga simu na ushauri wake: wekeni irekodi kukiwa na mwendo tu, diski itadumu mwaka.

Kwa ndani ya stoo, dada alikubali. Usiku kule hakuna kinachosogea, labda panya na paka anayemfuata. Ila getini na mlango wa stoo alikataa. Mvua na wadudu vitaiwasha kamera usiku kucha, kwa hiyo hata nafasi hautaokoa sana. Na kibaya zaidi, kamera inaweza kuchelewa kuamka, ukaona mgongo wa mtu anayeondoka bila kuona uso wake akiingia. Kama lazima utumie njia hiyo, washa ile setingi ya kuhifadhi sekunde kadhaa za kabla ya tukio.

Kijana wa Dar akaja na wazo la pili: kila kitu kipandishwe mtandaoni, diski za nini karne hii?

Dada akacheka, akaandika namba. Kuangalia kamera moja kwenye simu kwa kasi ya megabiti 4 ni GB 1.8 kwa saa moja. Bando gani hilo? Ukitumia mkondo mdogo wa kilobiti 512, inashuka mpaka MB 230 kwa saa, na hiyo inatosha kuchungulia tu kama geti limefungwa. Ila kupandisha kamera zote nane usiku na mchana ni zaidi ya GB 100 kila siku hata baada ya kubana. Kamera zikiongea na rekoda kwa waya wa ndani hazili bando hata shilingi. Bando linaliwa pale tu unapochungulia ukiwa mbali.

HESABU MPYA

Dada hakuzitendea kamera zote sawa. Alisema kamera zina kazi tofauti kama watu.

Tatu ni za kutambua mtu: geti, mzani na mlango wa stoo. Hizo akazipa H.265, fremu 15 kwa sekunde, megabiti 2. Jumla megabiti 6. Tano zilizobaki kazi yake ni kuonyesha kilichotokea tu: gari limeingia, mashine inawaka, uani kuna mtu. Hizo akazipa fremu 10 na megabiti 1. Jumla megabiti 5.

Megabiti 11 mara GB 10.8 ni GB 118.8 kwa siku. Mara siku 30 ni GB 3,564. Diski ya terabaiti 4 inatosha na inabaki akiba ya siku tatu hivi.

Mama akauliza kama ile diski ya zamani isingetosha na setingi hizi mpya. Dada akagawa. Siku 8.4.

Ofisi ikanyamaza. Siku nane na kidogo, kwenye kesi ya siku tisa.

Kabla ya kuondoka alifanya kitu ambacho fundi wa miwani hakufanya. Alisubiri giza liingie. Akasimama mlango wa stoo na gunia lenye maandishi, mwingine akiwa kwenye skrini. Akashusha kasi ya data hatua kwa hatua mpaka uso na maandishi vikapotea, akarudisha juu hatua mbili, akaacha hapo. Ndo maana ilikuwa megabiti 2 na siyo 1. Namba ilitoka mlangoni pa stoo.

Diski aliyoagiza ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, maana diski ya kawaida ya kompyuta haikuundwa kuandikwa saa 24 bila kupumzika. Akaweka UPS, kwa sababu umeme unajulikana, na akarekebisha saa ya rekoda iliyokuwa nyuma dakika 40. Picha yenye saa ya uongo ni ugomvi mwingine. Na Mama usishangae mashine ikikuonyesha 3.6 badala ya 4, kompyuta inahesabu kwa 1,024 pale kiwanda kinapohesabu kwa 1,000. Hapo hakuna gunia lililoibiwa.

Gharama ya diski, UPS na ufundi haikufika bei ya zile gunia nane.

NA MLINZI JE?

Hapa ndo pagumu. Gunia hazikupatikana. Mpaka leo hakuna anayejua nani alichukua. Mama Mashine alimlipa mzee wa Ipinda gunia nane kutoka kwenye mpunga wake mwenyewe, hilo watu wanalisifia, na anastahili.

Lakini mlinzi nani alimlipa? Mama alimtafuta baada ya miezi miwili, akamkuta Kasumulu karibu na mpaka, anaendesha bodaboda ya mtu. Akamwomba arudi, akampa na ule mshahara uliosimama. Kijana alipokea kwa mikono miwili, akasema ndaga Mama. Halafu akasema: "Kazi sijaikataa, Mama. Nimekataa kuangaliwa vile."

Status zilizomchafua zilifutika baada ya saa 24. Macho ya watu hayajafutika.

Na hili lisemwe, maana vijana mtandaoni wengi hawalijui: picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kurekodi watu kwa ajili ya usalama ni jambo moja, kurusha sura zao status ni jambo lingine. Sheria hiyohiyo haitaki taarifa za watu zikae muda mrefu kuliko sababu ya kuzikusanya. Kwa hiyo siku 30 za Mama Mashine zina maana mbili: zinatosha kumtetea asiye na hatia, na hazimgeuzi kila mteja kuwa sinema ya milele.

KABLA HUJAMLIPA FUNDI

1. Jiulize inakuchukua siku ngapi kugundua kitu kimepotea. Ongeza wiki moja juu yake. Hizo ndizo siku za diski yako.

2. Jumlisha megabiti za kamera zote, zidisha kwa 10.8, zidisha kwa siku. Hiyo ndiyo GB unayohitaji. Ongeza akiba kidogo.

3. Washa H.265 kama kamera na rekoda vyote vinaielewa, punguza fremu pasipohitaji 25, halafu pima usiku, ikiwezekana kwenye mvua.

4. Fungua kalenda ya rekoda kila mwezi uone siku ya mwisho kabisa yenye picha. Ukiwa na kesi, nakili kipande chako kwenye flashi siku hiyohiyo, maana mashine haisubiri.

Haya, wadau wa Bondeni na kwingineko. Kamera ya dukani kwenu, gesti kwenu, kanisani kwenu, inakumbuka siku ngapi? Kaangalie kwanza ndo uje uandike hapo chini. Na ungekuwa wewe ndo yule mlinzi, ungerudi?